Nafasi ya Kidole cha Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Shule imekwisha, matokeo bado. Mama anasema nikikaa tu nyumbani akili itashika kutu, kwa hiyo kuanzia leo ninamsaidia Mjomba kwenye studio yake ya picha. Mjomba ni kaka yake Mama, wa tumbo moja. Aliponiona mlangoni alisema, "Karibu kazini, Bi Kimya. Wateja wangu wanaongea mno, wewe utanisaidia kusikiliza."

Nimefagia, nimefuta vumbi kwenye fremu, nimekata picha za pasipoti. Mjomba anasema mkono wangu hautetemeki. Nilitaka kumjibu asante, ila neno lilipofika mdomoni yeye alikuwa ameshahamia jambo jingine. Ndiyo maana ninaandika hapa. Karatasi ina subira.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la studio linavuja. Tumeweka ndoo.

Jumamosi, 9 Machi

Ndoo tuliiweka mahali sipo. Maji yalikuwa yanateremka ukutani, nyuma ya pazia. Leo tumelifunua pazia lenyewe, lile la maporomoko ya maji na bata wawili weupe, na tumekuta ukungu umelipanda kutoka chini mpaka juu. Bata mmoja hana kichwa.

Mjomba aliketi kwenye kigoda cha watoto akalitazama kama mtu aliyefiwa. "Mji mzima umeoa mbele ya haya maji," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyaona. Basi. Safari hii tutatumia mandhari ya hapa hapa. Wewe una macho. Mvua ikikatika chukua kamera ndogo, uniletee mahali."

"Mahali gani, Mjomba?"

"Mahali ambapo mtu angependa kusimama."

Picha atakayoichagua, fundi wa mabango ataichapa kwenye kitambaa kikubwa, ukuta mzima.

Jioni nilimweleza Mama. Alikuwa anakunja nguo ambazo hazijakauka vizuri. Dirisha la upande wa mto lilikuwa limefungwa. Mvua ikianza yeye hulifunga hilo kwanza, hata kama mvua inapigia upande mwingine. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Piga popote," alisema. "Ila mto usiwemo."

Hayo ndiyo maneno ya karibu zaidi na jambo lile aliyowahi kusema.

Niliandike mara moja, nisilirudie. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akiwa usingizini. Mvua za mwaka jana alishuka peke yake kwenye kona ya mto, penye jiwe bapa ambapo tulikuwa tunafulia. Walimpata huko chini, karibu na daraja. Mimi nilikuwa bwenini. Niliporudi walikuwa wameshazika. Tangu nirudi Mama hajalitaja jina lake wala hajakanyaga studio.

Jumanne, 12 Machi

Nimepiga mlima na shamba la mikaratusi. Nilirudi na matope mpaka magotini, nikijiona bingwa.

Mjomba alizifungua kwenye kompyuta, akaweka kidole gumba juu ya kioo, katikati ya picha. Ndivyo anavyopima. "Huyu gumba ni bwana harusi," alisema. "Tuone anasimama wapi. He! Nguzo ya umeme hii ina kazi gani?"

"Ilikuwepo tu, Mjomba."

"Ilikuwepo tu! Hata nzi walikuwepo. Sikiliza, Bi Kimya. Picha ni kama chumba cha kupanga. Kila aliyemo awe na kazi. Asiye na kazi, mfukuze." Akahamisha gumba. "Na mti huu utamwotea bibi harusi kichwani. Atanitukana, na watoto wake wakikua watanitukana. Pazia la nyuma lina siri moja: katikati usiweke kitu. Unapiga majani, unapiga mawe, lakini shabaha yako ni ile nafasi. Acha nafasi ya mtu."

Nimeandika kwa herufi kubwa, niikumbuke: ACHA NAFASI YA MTU.

Jumatano, 13 Machi

Mvua kutwa.

Jumapili, 17 Machi

Jua lilitoka mchana nikaenda nyuma ya shule ya msingi. Kuna njia nyembamba inayopita kati ya vichaka viwili, na mwisho wake kuna mwanga. Nilichuchumaa, nikasubiri wingu lipite, nikapiga. Hakuna nguzo. Hakuna mti wa kumwotea mtu kichwani. Nimefurahi.

Jumatatu, 18 Machi

Mjomba amesema ni nzuri. Kisha akaweka gumba lake, akalitoa, akaliweka tena. "Mbona bwana harusi haingii?" Vichaka vilimbana kifuani, na juu yake tawi lilikatiza shingo. Akajaribu kidole cha shahada. Kikagoma. Akaweka kidole cha mwisho, kile kidogo, kikaingia kati ya vichaka vile na kutulia kana kwamba kimezaliwa hapo.

"Umemwachia nafasi mtu mfupi," alisema, akacheka. "Unataka tufungue studio ya watoto?"

Nami nilicheka.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua imetufungia ndani, mteja hakuna. Nilifungua picha zangu zote tangu mwanzo, zile mbaya pia, nikaweka kidole changu cha mwisho juu ya kioo.

Mlima: kati ya mwamba na kichuguu. Mikaratusi: kati ya mashina, chini, penye majani makavu. Njia ya nyuma ya shule. Ua wa kanisa. Zote. Kila mahali nilipoacha nafasi nimeiacha ya kimo kile kile. Mtu mzima angelazimika kupiga magoti.

Kichwa chake kilinifika kiunoni. Nilikuwa naegemeza kitabu juu yake nikisoma, naye akilalamika kuwa yeye si meza.

Nilizima kompyuta. Kioo kilipokuwa cheusi nilijiona ndani yake, nimekaa kidogo pembeni. Sikumbuki kukisogeza kile kiti.

Ijumaa, 22 Machi

Sikwenda kazini. Nimemwambia Mama kichwa kinauma. Alinigusa paji la uso, mkono wake ukakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima homa.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimeitazama picha ya ukutani, ile ya sebuleni. Niko nayo miaka yote na sikuwahi kuiona.

Mjomba ndiye aliyeipiga, kwenye lile pazia la bata. Baba yupo na suti yake ya kuazima, ana sura ya mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Mimi nipo na sketi ya shule. Mama yuko kati yetu, anacheka, lakini haitazami kamera. Anatazama kushoto, chini, nje ya picha. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, wala sijui tena kama anaweza.

Chiriku hayumo. Nakumbuka siku ile. Aligoma kusimama, akakimbilia pembeni kuwaigiza wale bata. Hatuna picha yake yoyote. Kila aliyejaribu alipata ukungu wa gauni tu, na simu aliyotumia Mama ilizama matopeni siku ile ile ya mto. Tulicho nacho ni hicho kicheko cha Mama, kinachomtazama.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilimuuliza Mjomba. Ilinichukua asubuhi nzima kupata sauti. Alikuwa anasafisha lenzi.

"Siku ile ya picha ya nyumbani, Chiriku alikuwa wapi?"

Hakujifanya hajui. "Pembeni. Mkono wake na nusu ya uso vilikuwemo. Anaruka. Nikaona anaharibu picha, nikaikata upande huo kabla ya kuichapa." Alipuliza lenzi ambayo haikuwa na vumbi. "Ile nzima niliifuta. Kadi ya kamera ilikuwa imejaa harusi za watu."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kusema kitu.

"Mama yako alikuja kuniuliza," alisema baadaye. "Wiki ile ya mazishi. Nilimjibu kama nilivyokujibu wewe."

Sasa najua kwa nini Mama hupita njia ya nyuma akienda sokoni.

Jumatano, 3 Aprili

Wateja wanaondoka. Mjomba amewapiga picha mbele ya shuka jeupe, nao wanasema wanaonekana kama wamelazwa hospitali. Mvua zikiisha harusi zinaanza, na studio isiyo na pazia haitapata hata moja. Ananitazama tu.

Mahali pazuri ninapafahamu. Nimepafahamu tangu siku ya kwanza. Nimepiga kila kitu kinachopazunguka.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kwenye kona ya mto.

Sikumwambia mtu. Njia imeota majani, siku hizi watu wanafulia kwingine. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, ukisema maneno yake yale yale bila kupumua. Nilifikiri nitalia, ila nilisikia baridi tu kwenye meno.

Jiwe lipo. Upande wa kulia jiwe, upande wa kushoto matete, na katikati pako wazi, pana nyasi fupi. Maji yako nyuma ya matete, kushoto zaidi. Nilitega stendi. Nikatazama ndani ya kamera, mto ukawemo wote.

Mto usiwemo.

Nikageuza kamera kulia kidogo. Ukabaki utepe wa maji. Nikageuza tena. Ukabaki mng'ao nyuma ya matete, ambao mtu asiyejua angesema ni anga. Nikageuza tena na ukaisha. Niliona jiwe, matete na nafasi. Hakuna kitu kilichobaki kufukuzwa. Kila kilichokuwemo kilikuwa na kazi.

Sauti ya maji tu ndiyo haikugeuka. Iliendelea pale pale, kushoto, nje ya ukingo.

Nilipiga mara moja. Nilipoinua kichwa, zile nyasi za katikati zilikuwa zinajiinua polepole, kama zinavyofanya mtu akiondoka juu yake. Upepo haukuwepo. Labda mimi ndiye niliyezikanyaga nilipokuwa nikitega stendi. Ninaandika labda.

Jumatatu, 8 Aprili

Mjomba aliifungua picha kwenye kompyuta. Hakuuliza ni wapi, maana na yeye alikulia kwenye mto huo huo. Aliweka kidole cha mwisho bila hata kujaribu gumba.

"Watu wazima watakaa kwenye kigoda," alisema kwa sauti ndogo. "Ipeleke kwa fundi."

Ijumaa, 12 Aprili

Pazia limetundikwa. Fundi wa mabango mwenyewe amelileta kwenye mkokoteni, amelifunika kwa nailoni kama mgonjwa. "Rangi zangu hizi," alisema, "mvua inyeshe, jua liwake, wajukuu watazikuta." Jiwe ni kubwa kama lilivyo. Nafasi pia.

Jumamosi, 20 Aprili

Jambo hili naliandika kama lilivyotokea.

Bwana na bibi harusi wa kwanza kwenye pazia jipya wamekuja kuchukua picha zao. Bwana alizishika mbali, kisha karibu. "Kaka, mbona tumeachana?"

"Mmeachana vipi?" Mjomba akauliza.

"Tazama. Mimi huku kwenye jiwe, yeye kule kwenye matete. Hapa katikati anapita nani?"

"Si wewe uliyesogea!" bibi harusi akamdakia. "Nilikuwa nakuvuta mkono, wewe wajibana kwenye jiwe kama mjusi."

"Mimi nilikuwa nakupisha."

"Unipishe niende wapi na gauni lote lile?"

Walicheka, wakazichukua. Walipotoka Mjomba alifungua picha zote za wiki. Mzee aliyestaafu yuko kwenye jiwe. Wanafunzi wa chuo wamegawanyika, wengine kulia, wengine kushoto. Kigoda tumekiweka katikati kila mara, na kila mara watu wamekisogeza wenyewe kabla ya kuketi. Katikati pamebaki wazi.

"Ni kwa sababu nafasi ni fupi," alisema Mjomba. "Mtu mzima anahisi kubanwa, basi anajisogeza. Ni jambo la macho."

"Ndiyo, Mjomba."

Lakini alipofunga studio alisimama kidogo mlangoni, akaiacha taa moja ikiwaka upande wa pazia.

Jumanne, 23 Aprili

Jirani yetu amemleta mwanawe apigwe picha. Mtoto ni mkali kama siafu. Alifika mbele ya pazia, akatulia, akanyoosha mkono pembeni na kuuacha hewani, vidole vimekunjwa nusu.

"Ajabu," alisema jirani. "Huyu hata mimi mamake hanipi mkono tukivuka barabara."

Nilipiga.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilijua itakuja siku hii. Jirani alibisha hodi na picha yake mkononi, kumwonyesha Mama jinsi mtoto alivyopendeza. Mama aliipokea, akaitazama. Hakumtazama mtoto. Aliliona jiwe.

"Imepigwa wapi?"

"Kwa kaka yako, mama, mbona unauliza? Pazia jipya, kazi ya binti yako. Mji mzima unalisifu!"

Mama aliirudisha vizuri kwa mikono miwili, akamshukuru. Jirani alipoondoka aliingia chumbani. Nimekaa nje ya mlango wake. Mdomo wangu haukufunguka. Nilikuwa nimetii sharti lake, mto haumo, lakini nilijua kwamba nimemdanganya kwa kugeuza kamera. Nikimpoteza na yeye, ukimya wa nyumba hii utakuwa wangu peke yangu.

Jumatano, 1 Mei

Mama hajasema neno. Anapika, anakunja, anafunga dirisha.

Jumamosi, 4 Mei

Amekuja studio.

Mvua ilikuwa ya manyunyu. Alikunja mwavuli, akausimamisha kwenye ndoo ya matone, akaingia. Mjomba alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Karibu, dada."

"Nimeshakaribia."

Alikwenda moja kwa moja mbele ya pazia. Hakusogea kwenye jiwe wala kwenye matete. Alisimama kando ya ile nafasi, na mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe, kiganja kikatazama chini, kwenye kimo kile. Alikaa hivyo.

"Jiwe mmemwekea," alisema Mama. "Matete mmemwekea. Maji yako wapi?"

Nilijaribu kusema. Safari hii maneno yalifika. "Yako hapo nje, Mama. Kushoto. Ulisema mto usiwemo."

"Nilisema." Alitikisa kichwa. "Sasa huyu anasimama hapa kutwa, anatazama nini?"

Alikigusa kitambaa upande wa matete.

"Aliyapenda yale maji," alisema. "Alikuwa akiyasimulia hadithi zake zote, za shule, za paka, za baba yake. Nilikuwa nafua huku namsikia. Yeye aliongea na mto, na mto ukamjibu, hakuna aliyemaliza." Kisha akasema, "Chiriku wangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aje ale.

Mjomba alikaribia. "Dada. Ile picha ya ukutani. Nilimkata."

"Najua, kaka."

"Nilidhani anaharibu."

"Najua. Hakuwa na kazi." Hakulisema kwa hasira, na nadhani hilo ndilo lililomfanya Mjomba ageukie ukutani.

Mama alichukua mwavuli wake. "Mwanangu, beba kamera yako."

"Twende wapi, Mama?"

"Unajua wapi."

Njiani alinifunika kwa upande mkubwa wa mwavuli. Kwenye kona ya mto aliacha viatu vyake penye nyasi, akasimama kando ya jiwe. Nilitega stendi pale pale pa kwanza. Ndani ya kamera Mama alikuwa katikati, jiwe nyuma yake, amefungwa vizuri pande zote. Mjomba angesema ni picha iliyokamilika.

Lakini hakuwa akiitazama kamera. Alikuwa akitazama kushoto, chini kidogo, nje ya ukingo.

Nikageuza kamera kushoto. Matete yakaingia, kisha mng'ao, kisha utepe, kisha mto wote na rangi yake ya chai na mwanga wa manyunyu juu yake. Niliendelea. Jiwe likabaki nusu. Mama akasogea mpaka ukingoni, akabaki bega, akabaki mkono, akabaki kiwiko na kipande cha kanga yake. Hapo nikasimama. Sikuwa na cha kufukuza.

Sijui alikuwa na sura gani nilipobonyeza. Hayumo. Nilimsikia tu. Alicheka, kwa ufupi, kama mtu aliyerushiwa maji.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua inaelekea ukingoni. Dirisha la upande wa mto limekuwa wazi tangu asubuhi, na sakafu imelowa kidogo chini yake. Mama alinikataza kuipangusa.

Jumapili, 12 Mei

Pazia la pili limetundikwa. La kwanza tumelikunja, Mama amelibeba nyumbani, hakusema kwa nini.

Kabla halijachapwa Mjomba aliifungua picha kwenye kompyuta na kuweka gumba lake. Likaingia. Akaweka na kidole cha mwisho kando yake, nacho kikaingia, na maji yakabaki mbele yao wote wawili. Alitazama sana. Kisha mazoea yakamshinda, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akaonyesha ukingo wa kulia.

"Bi Kimya, na hiki kiwiko je? Kina kazi gani hapa?"

Nilikuwa bado naitafuta sauti. Mama alikuwa mlangoni, anakung'uta mwavuli.

"Kiacheni," alisema. "Kinamwangalia mtoto."